Kamba ya Kusimamisha Kazi: Somo la Usalama kutoka Kiwanda cha Magari

Kwa miaka mingi, katika viwanda vya magari vya Toyota nchini Japani, kando ya mstari wa kuunganishia magari ilipita kamba iliyo karibu na mkono wa kila mfanyakazi. Aliyeona kasoro, au aliyeishuku tu, aliivuta. Taa iliwaka ubaoni, na kiongozi wa kikundi akafika mara moja. Tatizo lilipotatuliwa kabla gari halijavuka kituo hicho, kazi iliendelea. Lisipotatuliwa, mstari ulisimama. Siku hizi baadhi ya viwanda vimeweka kitufe mahali pa kamba, lakini kanuni haijabadilika.

Somo hili linaeleza kwa nini kanuni hiyo inamhusu muuguzi, mfamasia, daktari na hata mgonjwa.

Asili ya fikra

Kabla ya magari, Sakichi Toyoda alibuni mtambo wa kufuma nguo uliosimama wenyewe uzi ulipokatika. Mtambo unaoendelea baada ya uzi kukatika hutoa kitambaa kibovu na kupoteza uzi bure. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mhandisi Taiichi Ohno aliiendeleza fikra hiyo katika utengenezaji wa magari.

Ubora, usalama na gharama

Wengi hudhani mambo haya matatu hugombana: ukitaka usalama, utalipa zaidi, ukitaka kubana matumizi, ubora utashuka. Uzoefu wa kiwandani unaonyesha vinginevyo. Nati iliyolegea ikigunduliwa papo hapo hukazwa kwa sekunde chache. Ikigunduliwa baada ya kiti kufungwa, kiti hung'olewa. Ikigunduliwa barabarani, huenda ikagharimu maisha. Kasoro hupanda bei kila hatua inayovuka.

Wodini ni vivyo hivyo. Jina lisilo sahihi kwenye chupa ya sampuli ya damu, likionekana kando ya kitanda, husahihishwa kwa dakika chache. Likionekana maabara, kipimo hurudiwa na mgonjwa hucheleweshwa. Lisipoonekana kabisa, mgonjwa aweza kuongezewa damu isiyolingana na kundi lake, na hilo laweza kumuua.

Kamba ilipofika hospitalini

Mwaka 2002 viongozi wa hospitali ya Virginia Mason, mjini Seattle, Marekani, walisafiri hadi Japani kujifunza mfumo wa Toyota. Waliporudi waliweka utaratibu unaomruhusu mfanyakazi yeyote kutoa tahadhari na kusimamisha huduma yenye hatari.

Hata hivyo, mwaka 2004 mgonjwa mmoja alifariki hospitalini hapo baada ya kudungwa dawa ya kuua vijidudu vya ngozi badala ya dawa inayoonyesha mishipa ya damu kwenye picha. Vimiminika hivyo vilikuwa katika vyombo visivyo na lebo. Dawa ya ngozi iliyotumiwa awali ilikuwa ya kahawia. Iliyochukua nafasi yake haikuwa na rangi, hivyo macho hayakuweza tena kuitofautisha.

Hospitali ilikiri kosa hilo hadharani. Kuuliza "nani amekosea?" kungemalizika kwa kumwadhibu mtu mmoja, na vyombo vingebaki vilevile. Ohno alifundisha kuuliza "kwa nini?" mara tano, mpaka chanzo kionekane.

Nchini Tanzania

Njia hizi si ngeni kwetu. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya, kwa ushirikiano na Shirika la Japani la JICA, ilianza kutumia S tano: Sasambua, yaani ondoa visivyohitajika, Seti, kila kitu kiwe mahali pake, Safisha, Sanifisha, wote wafuate utaratibu mmoja, na Shikilia, isiwe kazi ya siku ya ukaguzi tu. Shabaha yake si mapambo. Katika kabati lililopangwa, dawa iliyokwisha muda hujionyesha yenyewe.

Lakini kabati safi halitoshi pasipo ruhusa ya kusema. Mwanafunzi wa uuguzi akisema, "Samahani daktari, tuthibitishe jina kwanza," jibu atakalopewa ndilo litakaloamua kama atasema tena. Akikaripiwa, kamba imekatwa. Akishukuriwa, hata kama alikosea, wodi nzima imepata ulinzi.

Nawe mgonjwa, kamba hiyo ni yako pia. Una haki ya kuuliza, "Dawa hii ni ya nini?" au "Jina lililoandikwa hapo ni langu?" Kuuliza si utovu wa adabu, ni kusaidia matibabu yako.

Maswali ya kujipima

1. Taja kosa moja katika kituo chako linalosahihishwa kwa urahisi mapema, lakini huwa hatari likichelewa kugunduliwa.
2. Chagua tatizo lililotokea karibuni, kisha uliza "kwa nini?" mara tano. Je, jibu la mwisho ni mtu au ni utaratibu?
3. Mara ya mwisho mtu wa chini yako alipokusimamisha, ulimjibuje?