Pareto: ua la Dalmatia kwenye vilima vya Kivu

Mwalimu, haya maua meupe yenye moyo wa manjano yametoka wapi?

Kwao ni Ulaya, kwenye mwambao wa Dalmatia, Kroatia ya leo, ambako hujiotea penye mawe makavu. Ni ndugu wa alizeti. Huishi miaka kadhaa, na shina lake la chini hukomaa likawa gumu. Wataalamu huuita mmea huu Tanacetum cinerariifolium. Huku Kivu ulilimwa na walowezi wa Kibelgiji wakati wa ukoloni.

Shamba langu liko chini, karibu na ziwa. Nipande?

Usipande, mama. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi, na huko majani yatastawi lakini maua yatakuwa haba. Pareto haitoi vitumba vya kutosha bila wiki kadhaa za baridi ya usiku. Tafuta vilima vya juu vya Kabare au Walungu.

Dawa ya kuua wadudu iko kwenye petali?

Wengi hudhani hivyo. Lipasue ua katikati: chini ya ile manjano kuna vijimbegu vimebanana, na humo ndimo zilimo karibu piretrini zote, yaani dawa yenyewe. Ndiyo maana siku ya kuchuma ina uzito. Ukichuma kitumba kikiwa bado kimefumba, unapata dawa kidogo. Ngoja petali zilale bapa, zikifanya pembe mraba na shina, na duara kadhaa za manjano ziwe zimefunguka. Kisha anika siku hiyohiyo, tabaka jembamba. Maua mabichi yakirundikwa kwenye gunia hupata moto, yanachacha, na dawa inapotea.

Mbegu au miche?

Gawanya vichaka vinavyozaa vizuri. Pareto haijichavushi yenyewe, kwa hiyo miche ya mbegu hutofautiana sana.

Kwa kuwa dawa hii ni ya asili, haina madhara?

Kwa mtu na ng'ombe sumu yake ni ndogo, na jua huivunja upesi. Kwa samaki ni kali mno. Nakuomba sana, usioshe pampu ya kunyunyizia kwenye mto unaoshuka ziwani. Sambaza, samaki tunaowala, wamo humo. Nyuki nao huwaua, basi nyunyiza jioni, wakiwa wamerudi mzingani.