Israfu ya Chakula na Joto la Dunia

Pilau imwagwayo jaani baada ya karamu haikomei pale. Ikifukiwa katika taka pasipo hewa huoza, ikatoa gesi iitwayo metheni, ambayo kwa miaka 20 huzuia joto zaidi ya mara 80 ya lile lizuiwalo na hewa ukaa ya uzito huo huo. Basi israfu yetu humfika hata asiyealikwa: mkulima angojaye masika. Na Ramadhani ni mwezi wa kufunga, nasi twaongeza majungu!

Yatupasa kupika kwa kadiri ya walaji. Kilichobaki apelekewe jirani kingali moto. Makombo wapewe kuku. Maganda yarundikwe pamoja na majani makavu, yapinduliwe mara kwa mara yapate hewa, yawe mbolea.