Mdhamini, Usikalie Kiti Bure

Somo: 2 Wakorintho 8:18-21

Wapendwa, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990 kuwahudumia wagonjwa waliofika pale ambapo tiba ya kuponya haipo tena. Huduma za namna hii kwa kawaida husimamiwa na wadhamini wa kujitolea. Hawaoshi vidonda wala hawalipwi mshahara. Wanalinda sadaka za watu ili zimfikie mgonjwa kitandani zikiwa dawa ya maumivu.

Sasa, ukiitwa uwe mdhamini, usikimbilie heshima. Paulo hakubeba mchango wa Yerusalemu peke yake. Aliandamana na ndugu walioaminiwa na makanisa, asije akalaumiwa. Je, Paulo alikuwa mwizi? La! Alijua hata mwaminifu anahitaji macho ya wengine.

Kwa hivyo:

1. Soma hesabu kabla ya kuinua mkono.
2. Uliza maswali, hata kama mwenyekiti ni mchungaji wako.
3. Zabuni ikiwa ya shemeji yako, sema wazi, kisha toka nje wengine waamue.

Ukinyamaza pesa zikipotea, atakayelia usiku kwa maumivu si wewe. Lakini Mungu anamsikia.

Ombi: Bwana, tupe ujasiri wa kuuliza. Amina.