Mtoto Mchanga Akikataa Kunyonya

Maziwa ya mama yana protini, na mwili ukiitumia hubaki sumu iitwayo amonia. Ini huigeuza kuwa yurea, itokayo kwa mkojo. Wako watoto wachache wazaliwao ini lao lisiweze kazi hiyo.

Mtoto huzaliwa mzima, akanyonya vizuri. Baada ya siku moja hadi tatu husinzia mno, hukataa titi, hutapika, hupumua upesi, hata hupata degedege. Dalili hizi hufanana na za uambukizo katika damu. Kuzitambua ni kupima amonia.

Basi tusingoje nyumbani, wala tusimwachishe titi wenyewe. Wa Ngara tumkimbize Murgwanza, wa Biharamulo hospitali ya wilaya. Daktari aweza kutibu uambukizo, kumpa maji ya sukari mshipani na kusimamisha protini kwa muda. Penye vifaa, amonia huondolewa kwa dawa au kwa kusafisha damu.

Kama mtoto mwingine alifariki katika siku zake za kwanza, tumwambie daktari, maana ugonjwa huu hurithiwa. Si uchawi. Mama aliyefiwa hivyo tumfariji, tusimnyoshee kidole.