Jifunze: Kutafuta Rekodi za Mahakama Mtandaoni

Mkazi wa Sondu, kabla ya kulipia shamba, chunguza kama lina kesi.

1. Fungua tovuti ya Kenya Law, kenyalaw.org. Huduma ni bure.
2. Tafuta kwa nambari ya shamba, kisha majina ya wahusika.
3. Soma hukumu yote. Majina hufanana, na mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe.

Kesi nyingi zinazoendelea na hukumu nyingi za mahakimu hazimo humo. Usipopata kitu, ulizia pia kwenye masijala ya mahakama.

Rekodi ya uhalifu haiko wazi kwa umma. Ukiajiri mtu, mwambie alete cheti cha maadili mema cha DCI. Huombwa na mwenyewe kupitia eCitizen, kisha huchukuliwa alama za vidole.