Mada ya 9: Mpango wa Mwendelezo wa Biashara

Mpango wa mwendelezo wa biashara ni maandalizi anayofanya mwajiri mapema ili kazi kuu isisimame, au ikisimama irudi kabla fedha hazijaisha. Usiuchanganye na bima. Bima hulipa hasara baadaye. Haimsagii mteja aliyesimama mlangoni.

Chukua mfano huu. Mwajiri ana mashine ya kukoboa na kusaga mahindi mjini Sumbawanga, na wafanyakazi sita wanaolipwa kwa mwezi. Ni Julai, mahindi mapya ya Ufipa yamejaa mjini, magunia yamepangwa hadi barazani. Mota inaungua. Fundi anasema haifai kusukwa tena. Mpya itatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, na kazi itarudi baada ya siku 21.

Mashine imezimika, gharama hazijazimika. Kwa mwezi mishahara ni sh. 1,200,000, pango sh. 150,000, rejesho la mkopo sh. 450,000. Jumla sh. 1,800,000, yaani sh. 60,000 kwa siku. Akiba ni sh. 900,000.

900,000 ÷ 60,000 = siku 15

Zinabaki siku 6 bila fedha: upungufu wa sh. 360,000.

Hapa wengi huandika "apunguze wafanyakazi" na kupoteza alama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe kwanza taarifa ya kusudio, aeleze sababu na ashauriane nao. Notisi ya anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, haipungui siku 28. Linganisha: notisi siku 28, kusimama siku 21! Hajaokoa kitu, na aliyewaachisha ni pamoja na yule anayejua ubovu wa mashine kwa kusikiliza mlio wake tu.

Jibu zuri linarudi nyuma, kabla ya Julai. Mwajiri angeandikiana na mwenye mashine jirani kwamba mmoja akikwama, mwenzake atamsagia wateja kwa bei waliyopatana. Angeongeza akiba ifike siku 21. Angefundisha mtu wa pili kuendesha mashine.

Majanga makubwa yapo. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika. Litaje, lakini anza na yanayotokea mara kwa mara: mota, umeme, ugonjwa wa mtu mmoja anayeshika funguo zote.

Zoezi: Mwajiri huyu angekuwa na mkataba na jirani unaomwachia sh. 25,000 kwa siku, akiba ingedumu siku ngapi?

Jibu: 60,000 − 25,000 = 35,000. Kisha 900,000 ÷ 35,000 = siku 25 kamili, na sh. 25,000 zinabaki. Mota inafika bado ana fedha, na wafanyakazi wote sita wapo.