UANDISHI WA BARUA RASMI: KUJIBU BARUA YA KUSIMAMISHWA KAZI

Swali la mfano

Wewe ni mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja mjini Mikumi. Leo, tarehe 3 Machi 2025, saa 8 mchana, umepewa barua ya kusimamishwa kazi. Unatuhumiwa kwamba usiku wa tarehe 1 Machi hukuingiza kwenye kitabu cha mapato malipo ya vyumba viwili, Sh. 180,000. Kikao cha nidhamu kitafanyika kesho saa 3 asubuhi katika ofisi ya kampuni, Kilosa mjini. Wewe unakana tuhuma hiyo: ulikabidhi zamu saa 4 usiku, kabla wageni hao hawajafika. Mwandikie meneja barua ya kujibu. Jina lako liwe Tenda Haki, S.L.P. 10, Mikumi.

Kabla ya kushika kalamu

Watahiniwa wengi husoma swali la namna hii haraka, wakaona “nimefukuzwa”, wakaandika barua ya kuomba kazi upya. Hapo alama za maudhui zimekwisha potea. Rudi kwenye mada ya mnyambuliko: simama – simamisha – simamishwa. Basi likisimamishwa na askari kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, safari haijafutwa. Abiria wanasubiri ukaguzi uishe. Ndivyo ilivyo kwa mfanyakazi anayesimamishwa “kupisha uchunguzi”. Bado ni mwajiriwa. Acha – achisha – achishwa ni jambo jingine: aliyeachishwa kazi ajira yake imekwisha. “Kufukuzwa” ni neno la mazungumzo, lina hasira ndani yake, na barua rasmi haina nafasi ya hasira.

Tofautisha pia “tuhuma” na “kosa”. Tuhuma ni jambo linalosemwa juu yako. Kosa ni jambo lililothibitika. Sentensi inayoharibu majibu mengi ni hii: “Naomba unisamehe kwa kosa lililotokea.” Mwandishi anadhani anaonesha adabu, kumbe amekiri wizi ambao swali linasema hakuufanya. Katika mtihani utapoteza alama chache. Kazini, karatasi hiyo hiyo itasomwa mbele ya kikao kama ushahidi, na sahihi ni yako. Bila shaka, anayejua kwamba kweli alifanya kosa huandika barua tofauti: hukiri, hueleza mazingira, huomba adhabu nafuu. Lakini swali letu si hilo.

Maudhui utayapata wapi?

Mtahini wa Kiswahili hatakuuliza vifungu vya sheria. Hata hivyo, barua isiyojua inaomba nini huishia kulalamika tu, kwa hiyo jua machache. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Kanuni zake za mwaka 2007 zinafafanua utaratibu huo. Anayesimamishwa wakati tuhuma nzito zinachunguzwa hulipwa mshahara wake kamili. Tuhuma aelezwe kwa namna na kwa lugha anayoielewa, maana yake mfanyakazi asiyejua Kiingereza ana haki ya kuuliza barua ya Kiingereza inasema nini. Apewe muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida usipungue saa 48. Aruhusiwe kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, kuwauliza maswali mashahidi wa mwajiri na kuleta wa kwake. Mwenyekiti wa kikao awe mtu wa uongozi asiyehusika na tukio lenyewe.

Msingi wake umo katika Katiba, Ibara ya 13(6)(a), uliyokwisha kuisoma kwenye Uraia: haki ya kusikilizwa, na ya kukata rufaa. (Watumishi wa umma wana sheria yao, ya mwaka 2002, na mambo ya mshahara kwao ni tofauti. Usichanganye.)

Sasa hesabu. Kutoka saa 8 mchana hadi saa 3 asubuhi ni saa 19. Hiyo ndiyo hoja kuu ya barua yako, na swali limekupa bure.

Jibu la mfano

S.L.P. 10,
MIKUMI.
3 Machi 2025.

Meneja,
S.L.P. 25,
MIKUMI.

Ndugu,

YAH: KUJIBU TUHUMA NA KUOMBA MUDA WA KUJIANDAA KWA KIKAO CHA NIDHAMU

Rejea barua yako ya leo, tarehe 3 Machi 2025, niliyoipokea saa 8 mchana.

Nakana tuhuma ya kutoingiza Sh. 180,000 kwenye kitabu cha mapato. Usiku wa tarehe 1 Machi nilikabidhi zamu saa 4, na wageni wa vyumba hivyo viwili walikuwa hawajafika. Kitabu cha makabidhiano ya zamu kina sahihi yangu na ya mwenzangu aliyenipokea.

Kikao kimepangwa kesho saa 3 asubuhi, Kilosa, yaani saa 19 tu tangu nilipopata barua. Naomba kisogezwe hadi tarehe 6 Machi au baada yake ili nipate muda usiopungua saa 48. Naomba pia nakala ya ukurasa wa kitabu cha makabidhiano wa usiku huo na ya stakabadhi za vyumba husika. Nitafika na mfanyakazi mwenzangu wa kunisaidia, na nitamwita mlinzi wa lango wa usiku huo kuwa shahidi wangu.

Barua yako haikutaja mshahara. Naomba unithibitishie kwa maandishi kwamba nitaendelea kulipwa kikamilifu katika kipindi hiki.

Nipo tayari kutoa ushirikiano katika uchunguzi.

Wako mtiifu,
(sahihi)
Tenda Haki,
Mhudumu wa Mapokezi.

Maelezo juu ya jibu

Tazama jinsi aya ya pili inavyoanza: “Nakana tuhuma”. Hakuna “kwa masikitiko makubwa”, hakuna kumtaja mwenzake kuwa ndiye mwizi. Tenda Haki hajui nani alichukua fedha; anajua tu alitoka saa ngapi. Mtahiniwa anayeandika “aliyepokea zamu ndiye aliyeiba” ameongeza jambo ambalo swali halikusema, tena ametuhumu bila ushahidi kama alivyotuhumiwa yeye.

Kichwa cha habari kinataja mambo mawili kwa sababu barua inafanya mambo mawili. “YAH: KUSIMAMISHWA KAZI” pekee kingefaa barua ya meneja, si yako. Na usisahau cheo chini ya jina. Wengi huishia kwenye sahihi.

Jambo moja halimo kwenye mwongozo wa usahihishaji, lakini mwakani baadhi yenu mtakuwa kazini. Barua ya namna hii huandikwa nakala mbili. Moja hubaki kwa meneja, nyingine hugongwa mhuri wa kupokelewa ukaondoka nayo. Kikao kisiposogezwa, nenda hata hivyo, ukaombe muda mbele ya mwenyekiti, kwa sababu asiyefika bila sababu ya msingi anaweza kujadiliwa bila yeye kuwepo. Ukiachishwa na ukaona hukutendewa haki, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo hupita haraka kwa mtu anayezunguka mtaani akisubiri kuitwa tena kazini.

Zoezi

1. Wewe ndiye meneja. Ijibu barua ya Tenda Haki: kubali ombi la muda, taja tarehe, saa na mahali pa kikao, na ujibu suala la mshahara.
2. Nyambua vitenzi *tuhumu*, *shtaki* na *tetea* katika kauli ya kutendwa na kauli ya kutendana, kisha tunga sentensi moja kwa kila neno ulilopata.
3. Andika upya sentensi hii ili mwandishi asikiri kosa: “Nasikitika kwa kosa langu la kuchelewa kuwasilisha fedha za mauzo.”